Nyama ni Halali, Lakini Si Lazima Kila Siku: Kwa Nini Chungu Chetu Kimejaa Mboga



Juzi tulikuwa harusini. Sinia la pilau likaja, tukalizunguka wanne, tukasema Bismillah. Sisi tukala wali, kachumbari na ndizi, na zile nyama zilizokuwa upande wetu tukazisogeza kwa wenzetu. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa sinia moja na sisi akatutazama, mwisho akashindwa kuvumilia. "Wanangu, mbona nyama mnaikimbia? Mnajikondesha au mna nadhiri?" Tukacheka, tukamjibu, "Hapana mama, tumetosheka." Jibu lilikuwa la adabu, lakini halikuwa kamili. Watu wengi wametuuliza swali hilo sasa, dukani, harusini na hata msibani, kwa hiyo leo tumeamua kulijibu vizuri.

Kwanza mtujue. Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, mafundi cherehani. Tulimaliza skuli, tukasomea ushoni, na leo tuna duka letu dogo tunashona magauni ya harusi, madira na mabaibui. Anayeandika ni mkubwa, mwenye miaka 30 na kitu. Mdogo amekaa ubavuni anapiga pasi na kusahihisha. Tunakaa nyumba moja ya familia, chungu kimoja, kwa hiyo tukisema "sisi" ndiyo sisi kweli.

Na jengine mlijue mapema: hatujaacha nyama kabisa. Siku nne au tano za wiki chungu chetu ni mboga, nafaka na jamii ya maharage. Siku moja au mbili ni samaki. Nyama tunakula mara moja moja, akija mgeni, ikiwa Sikukuu, au tukiitamani tu. Basi msituite majina makubwa. Sababu zetu ni hizi.

Mguu wa mama

Mama yetu naye ni fundi. Cherehani yake ni ile ya zamani ya kukanyaga, na kwa cherehani hiyo ametusomesha sote. Tulipokuwa wadogo tulilala kwa mlio wa pedeli yake, khasa mwezi wa Shaaban na usiku wa kuamkia Sikukuu, watu wanapozitaka nguo zao zote siku moja.

Miaka michache nyuma mama alianza kushona ovyo. Mshono unapinda, uzi unakatika, cherehani inakwenda kwa kasi halafu inasimama ghafla. Tukadhani ni macho, tukamnunulia miwani. Siku moja akatuambia kwa sauti ndogo, "Wanangu, mimi silihisi hili pedeli. Nakanyaga lakini sijui kama nimekanyaga." Alikuwa hajawahi kutuambia kabla ya hapo.

Tukampeleka hospitali. Sukari yake ilikuwa juu sana, na daktari akatueleza kuwa ilikuwa hivyo kwa miaka bila ya sisi kujua. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na miguu ndiyo huanza kufa ganzi. Wakati tunaelezwa hayo, mama alikuwa na kidonda chini ya kidole kikubwa ambacho hata yeye hakukijua, sindano ilimchoma dukani na hakuhisi. Kidonda kile kilituhangaisha miezi. Mwisho kidole kikaondoka. Alhamdulillah mguu ulibaki.

Tuliporudi nyumbani tulikaa jikoni, sisi wawili, tukaangalia tulichokuwa tunakula. Asubuhi chai ya sukari nyingi na mkate wa siagi. Mchana sahani ya wali mweupe mlima mzima, nyama ya kukaanga, na mboga ni kijiko kimoja pembeni kama pambo. Jioni chipsi na mishkaki, na soda. Mama hakuwa mlafi. Alikula kama wanavyokula watu wengi mjini kwetu siku hizi, na sisi ndio tuliompikia.

Hatusemi mchicha unatibu sukari. Tafadhali asije mtu akamwachisha mama yake dawa kwa sababu amesoma maneno yetu. Mama anameza dawa zake kila siku na kliniki anakwenda. Lakini daktari mwenyewe alituambia dawa bila ya kubadili sahani ni kama kuzoa maji huku mfereji uko wazi. Choroko, kunde, maharage, mbaazi na mboga za majani zina nyuzinyuzi nyingi, na nyuzinyuzi hufanya sukari iingie kwenye damu polepole. Tukapunguza wali, tukaongeza choroko. Tukaacha kukaanga kila kitu. Hatukutaka mama ale peke yake chakula cha mgonjwa huku sisi tunakula chetu, maana mgonjwa akitengwa kwenye sinia huona ameadhibiwa. Tukala sote alichokula yeye. Ndivyo tulivyoanza.

Futi haisemi uongo

Sababu ya pili tumeipata kazini. Fundi wa magauni ya harusi anajua mengi. Futi inapita kifuani, kiunoni, nyongani, na wewe unaandika daftarini. Mwezi ujao biharusi anarudi kujaribu, na namba zimebadilika. Tumeona mengi ambayo mama wa biharusi hayaoni.

Wako mabiharusi wanaotiwa ndani kunenepeshwa. Supu asubuhi, kuku mchana, vitamu jioni, na amri ya kutotoka. Nia ni njema, wazee wetu walipenda biharusi ajae, ang'are, asionekane ametoka kwenye dhiki. Lakini tumepata kufungua mishono ya gauni mara tatu katika wiki moja, na mwenye gauni akikaa anahema.

Wako wengine kinyume chake, na hawa sasa ndio wengi. Gauni wameliona kwenye simu limevaliwa na msichana mwembamba, wanataka wao waingie ndani yake, si gauni liwaingie wao. Biharusi mmoja alikuja kujaribu mara ya tatu, bitana tayari, tunapachika zipu, akaanguka pale pale kwenye zulia letu. Tulimpepea, tukampa maji ya sukari. Alipofungua macho akatuambia ana wiki tatu anaishi kwa maji ya ndimu na vipande vya tango, kwa sababu mtu alimwambia hivyo ndivyo wanavyofanya wenziwe. Harusi ilikuwa siku nane mbele. Tulilia naye kidogo, kusema kweli. Kisha mdogo akaingia ndani akamletea bakuli la mseto wa choroko uliobaki mchana, akala lote. Gauni tulilitanua sentimita mbili. Hakuna aliyejua, na alipendeza mno mashaallah.

Biharusi mpenzi, mwili wako umeupokea kwa Mola wako kama amana. Hukuumbiwa gauni, gauni ndilo linaloshonwa kwa ajili yako. Na kama unataka ngozi nzuri, singo na liwa vitafanya kazi yake kwa nje, lakini ndani panataka maji, matunda, mboga za majani na usingizi. Tumeona kwa macho yetu: wale wanaokula chakula cha kawaida cha nyumbani, mboga nyingi, maharage, samaki kidogo, matunda ya msimu, ndio ambao vipimo vyao havituchezi. Tunawapima mwanzo, tunawapima mwisho, namba ni zile zile. Fundi anampenda biharusi huyo.

Kwa upande wa dini

Hapa tutakwenda polepole, kwa sababu sisi ni mafundi, si mashekhe. Tunayasema tuliyoyasikia darsani na kuyasoma, na mwenye shaka amuulize mwenye elimu.

Jambo la kwanza ni kuwa nyama ya halali ni halali. Katika Suratul Maida, aya ya 87, tumekatazwa kujiharamishia vizuri alivyotuhalalishia Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo anayesema kula nyama ni dhambi, huyo amevuka mpaka, na sisi hatuko naye. Mtume wetu (S.A.W) alikula nyama, na imepokewa kuwa mkono wa mbuzi ulimpendeza. Udhiya ni ibada, akika ni sunna. Sikukuu ya Mfunguo Tatu sisi tunakula nyama yetu kwa furaha, tunagawa fungu la maskini na la jirani.

Jambo la pili ni kuwa halali haina maana ya kila siku, wala haina maana ya kupindukia. Suratul Aaraf, aya ya 31, inatuamrisha kula na kunywa na papo hapo inatukataza israfu. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W) anatufundisha tumbo ligawiwe mafungu matatu: chakula, maji, na nafasi ya kuvuta pumzi. Tujiulize, tunapotoka kwenye sinia la harusi tunashika ukuta, lile fungu la pumzi tumelipeleka wapi?

Mama yetu Aisha (R.A) amesimulia, na iko katika Bukhari na Muslim, kuwa miezi ilikuwa ikiandama mmoja baada ya mwengine bila ya moto kuwashwa katika nyumba za Mtume (S.A.W), na kilichowaweka ni tende na maji, isipokuwa majirani wa Kiansari walipowaletea maziwa. Ndiyo nyumba bora kuliko nyumba zote. Sisi tukikosa nyama siku mbili tunasema tumelala njaa.

Na iko hadithi moja ambayo sisi mafundi tunaipenda kuliko tunavyoweza kueleza. Anas bin Malik (R.A) amesimulia kuwa fundi mmoja wa kushona nguo alimwalika Mtume (S.A.W) kula chakula alichokitengeneza. Akamwekea mkate wa shayiri na mchuzi uliokuwa na nyama iliyokaushwa na dubba, yaani jamii ya mamumunye na maboga. Anas akamuona Mtume akizifuata zile dubba kila upande wa sahani. Tangu siku hiyo Anas naye akaipenda dubba. Fikirini, dada zetu: mwalikaji alikuwa fundi cherehani kama sisi, ingawa wakati huo ni sindano na uzi tu. Nyama ilikuwemo sahanini, haikukatazwa, na mkono mtukufu ukawa unatafuta mumunye. Tangu tuliposikia hadithi hii darsani hatuoni haya tena kumwekea mgeni boga la nazi.

Mfuko nao una haki yake

Sisi ni wafanyabiashara, tunahesabu. Tulipoanza kuandika matumizi ya jikoni kwenye daftari lile lile la vipimo, tukaona kitoweo ndicho kinachokula faida yetu. Kilo moja ya nyama sokoni Mwanakwerekwe, kwa bei hiyo hiyo tunapata choroko, mchicha, nazi na bilingani za siku tatu, na watu wote nyumbani wakashiba. Tulichookoa mwaka wa kwanza kiliingia kwenye ovaloki mpya. Ndiyo ile inayonguruma dukani sasa hivi.

Na hapa tuseme neno ambalo baadhi ya wazee hawatalipenda. Mambo ya harusi zetu yametuelemea. Tumeshona magauni ya mabiharusi ambao baba zao walikopa kwa ajili ya ng'ombe. Baada ya fungate, biharusi anakuja dukani kulipia sehemu iliyobaki ya gauni kwa mafungu madogo madogo, na uso wake umeshuka, kwa sababu kwao wanadaiwa na mchinjaji. Walima ni sunna, na kulisha watu ni jambo jema. Lakini hakuna aliyetuwajibisha kila sinia liwe na nyama mlima. Inajulikana katika hadithi kuwa Mtume (S.A.W) alipomuoa Bi Safiya walima wake ulikuwa wa tende, samli na jibini kavu, kila mwenye kitu akaleta. Hiyo ilikuwa walima ya Mtume.

Mdogo wetu alipoolewa tulifanya jaribio. Pilau lilipikwa na nyama kidogo sana, ya kutia harufu na ladha, na pembeni tukaweka maharage ya nazi, bilingani za kukaanga, kachumbari ya embe mbichi na matunda. Wifi mmoja alinuna. Wengine walikula mpaka wakaomba cha kufungia watoto. Hatukumaliza harusi na deni hata la kitunguu.

Makosa tuliyoyafanya

Tusijifanye tulipatia tangu siku ya kwanza. Tulikosea mara tatu, na tunawaambia ili nyinyi msikosee.

Kosa la kwanza, tulidhani kila kisichokuwa nyama ni kizuri. Chipsi ni mboga, andazi ni unga, soda haina nyama, juisi ya boksi nayo haina. Miezi miwili ya mwanzo sukari ya mama haikushuka hata kidogo, na sisi tuliongezeka viuno. Wali mweupe ukiujaza sahani, hata bila ya kitoweo, utakupandisha sukari. Sasa sahani yetu nusu ni mboga, robo ni jamii ya maharage au samaki, na robo iliyobaki ndiyo wali, muhogo, ndizi au shelisheli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Pimeni chumvi ya chungu chenu siku moja, mtashangaa.

Kosa la pili lilikuwa tui. Sisi watu wa visiwani tunaweza kupikia nazi hata viatu. Lakini tui zito lina mafuta mengi ya aina ile ile ambayo watu wanayakimbia kwenye nyama. Hatukuliacha, mngetuona waongo. Tunatumia tui jepesi siku za kawaida, na tui la kwanza tunaliweka kwa siku ya Ijumaa.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Mmoja wetu alishika mimba katika mwaka wa kwanza wa mpango huu, na kliniki wakamkuta damu ndogo. Mwanamke anayepata siku zake, mjamzito na anayenyonyesha, wote wanahitaji madini ya chuma, na ya kwenye mimea mwili hauyapokei kwa wepesi kama ya kwenye nyama na samaki. Tukafundishwa mambo ambayo sasa tunamwambia kila biharusi. Mchicha na maharage vile pamoja na kitu chenye ukali, ndimu, embe au pera, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuyachukua madini hayo. Chai usinywe papo hapo na chakula, ipishe kama saa moja, maana chai huyazuia. Mjamzito ameze vidonge vya damu anavyopewa kliniki, asiviweke kabatini. Na vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, inatoka kwenye samaki, mayai, maziwa na nyama, au kwenye vidonge. Ndiyo maana sisi hatukuacha samaki wala mayai, na ndiyo maana tunasema "zaidi mboga", hatusemi "mboga tu". Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillah, na sasa anakula kisamvu kama mkulima.

Kwa anayetaka kujua upande wa pili wa mizani: mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama za kusindika, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha. Hatukuogopa kupita kiasi kwa hilo. Lakini soseji kwa watoto asubuhi tumeziacha.

Tunakula nini sasa?

Hili ndilo swali la pili la kila mtu, na linatuchekesha, kwa sababu jibu ni chakula cha bibi zetu. Kumbukeni meza ya futari. Muhogo wa nazi, ndizi mkono wa tembo, majimbi, viazi vitamu, kunde, tambi, uji. Mwezi mzima wa Ramadhani sehemu kubwa ya futari yetu ni mimea, na hakuna anayelalamika. Ikiingia Mfunguo Mosi tunasahau yote.

Basi wiki yetu huenda hivi. Jumamosi mseto wa choroko na mchuzi wa bilingani. Jumapili kisamvu cha nazi kwa muhogo, kisamvu kimetwangwa na kuchemshwa vizuri, maana kibichi kina sumu. Jumatatu wengi wetu tunafunga sunna, tunafuturu tende, kisha shelisheli la kuchemsha na kunde. Jumanne maharage kwa chapati za unga usiokobolewa. Jumatano samaki wa kuchoma na mchicha. Alkhamisi bamia na matembele kwa ugali. Ijumaa wali wa nazi na samaki wa kupaka, au ikiwa tuna mgeni, nyama. Asubuhi mbaazi za nazi, na mandazi tumeyafanya ya siku moja kwa wiki. Matunda ni ya msimu, embe likija tunakula embe, shokishoki likija tunasahau hata jina letu.

Siri ya kutoboreka ni viungo, na sisi tunakaa katika visiwa vya viungo. Choroko ukizitia bizari, tangawizi, kitunguu thomu na ndimu, kisha ukakaangia majani ya mchuzi juu yake, hakuna atakayeuliza nyama iko wapi. Rafiki zetu walitutania mwanzo, "Mmekuwa Mabaniani?" Tukawajibu kuwa majirani zetu hao wa Mji Mkongwe wamezijua dengu kabla yetu, na bajia zao sote tunapanga foleni kuzinunua, basi wa kucheka ni nani?

Ukweni na mume

Biharusi mpya, usiingie nyumba ya watu na sheria. Usimwambie mkweo siku ya tatu kuwa mchuzi wake unaua. Chakula cha ukweni kula kwa adabu, shukuru, sifu kilicho kizuri. Ukipata zamu yako jikoni, pika mboga moja kwa mapenzi yote, iweke pembeni ya kitoweo chao, nyamaza. Mkwe wa mdogo wetu alikuwa hataki kusikia habari ya maboga. Leo yeye ndiye anayetuma mtoto dukani: "Mwambieni mwanangu anipikie lile boga la fundi." Hadithi ya dubba tulimsimulia sisi.

Na mume mshauri kabla. Kitoweo ni fedha yake mara nyingi, na tumbo ni lake. Shemeji yetu alisema wazi, "Mimi bila nyama Ijumaa sijahisi Ijumaa." Sawa, Ijumaa yake ipo. Siku nyengine anakula tunachopika, na suruali zake tumezipunguza kiuno mara mbili bila malipo.

Mama bado yuko nasi. Cherehani ya kukanyaga tumeifunika kitambaa, iko pembeni ya duka, hatutaki kuiuza. Yeye sasa anakaa kitini miguu imeinuliwa, anashona vifungo na kutia shanga kwa mkono, na kila jioni mmoja wetu anamkagua nyayo kwa taa ya simu kama tunavyokagua mshono. Anatuita wakaguzi wa serikali. Namba zake za sukari tunaziandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa mwisho.

Dada zetu, hatuwaamrishi kitu. Tunawaomba siku mbili tu kwa wiki, mlizochagua wenyewe, chungu kiwe cha mboga, na mama zenu wapimwe sukari kabla hawajaanza kukanyaga wasichokihisi.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika ulichoturuzuku, wape shifaa wazazi wetu, na mabiharusi wetu wape ndoa zenye utulivu na miili yenye afya. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.